QGIS na picha za droni: tathmini ya njia za kukokotoa upya pikseli

Kwa mtu anayetengeneza ramani kutokana na picha za droni, QGIS ni programu ya ramani ninayoipendekeza bila kusita, kwani ni ya bure na kazi nzito ya kugeuza picha huikabidhi GDAL, maktaba inayoaminika kote katika fani hii. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni chaguo-msingi lake, yaani njia ya kukokotoa pikseli (vidoti vya rangi vinavyounda picha) inayotumika usipochagua nyingine.

Picha inapohamishwa kutoka mfumo mmoja wa viwianishi (namba za kutaja mahali duniani) kwenda mwingine, tuseme kutoka WGS 84 kwenda Arc 1960, pikseli mpya haziangukii sawasawa juu ya zile za zamani, na programu hulazimika kuamua kila moja ipewe rangi gani. Usipogusa kitu, QGIS hutumia njia ya jirani wa karibu, ambayo hunakili pikseli moja tu iliyo karibu zaidi. Katika picha za Zanzibar Mapping Initiative, mradi wa kuipiga Zanzibar picha kwa droni, ambazo kila pikseli yake ni takriban sentimita 7 za ardhi, ukingo wa paa uliokuwa umenyooka hutoka na vidaraja kama vya ngazi, na njia nyembamba za miguu hukatikakatika. Njia ya bilinia, inayopima wastani wa pikseli nne za jirani, hurudisha unyoofu huo kwa gharama ya ukungu kidogo. Njia ya kyubiki hutumia pikseli kumi na sita na kutoa picha kali zaidi, na ndiyo ninayoichagua kwa ramani ya kuchapisha. Njia ya Lanczos huongeza ukali zaidi ya hapo, lakini pale bati jeupe linapopakana na kivuli cha mwembe huzuka mstari mweusi ambao haumo katika picha halisi, na mchoraji wa mipaka ya majengo anaweza kuufuata.

Hata hivyo, jirani wa karibu ana mahali pake, napo ni ramani za matumizi ya ardhi. Ikiwa 1 ni bahari, 2 ni nyumba na 3 ni mikarafuu, bilinia itachanganya 1 na 3 na kujenga nyumba ufukweni.

Udhaifu unaonikera zaidi uko katika kutengeneza piramidi, yaani nakala ndogo zinazoharakisha kuonyesha picha. Amri ya GDAL ya kazi hiyo, gdaladdo, nayo hutumia jirani wa karibu usipogusa kitu, na katika ngazi ya 16, ambapo picha hupunguzwa mara 16 kila upande, pikseli moja kati ya 256 ndiyo inayobaki, nyingine zote zikitupwa, hivyo mtaa mzima huonekana umejaa chengachenga. Chagua wastani.

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba mpangilio wa njia hizi uliomo katika sifa za tabaka (picha iliyofunguliwa ndani ya QGIS) hulainisha mwonekano kwenye skrini pekee, wala haugusi faili. Anayeridhika na anachokiona hapo, kisha akahamisha picha kwa chaguo-msingi, atamkabidhi mteja kazi yenye vidaraja vilevile. Ningependa dirisha la kuhamisha picha liulize kwanza kama data ni picha au ni ya makundi, kama zile namba za bahari na nyumba, kabla ya kukubali kuanza kazi.