The Dark Side of the Moon kwa masikio ya mpiga kinanda wa kwaya

Nianze na lawama. Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, kwenye simu, kupitia programu ambayo sitaitaja jina, na kila wimbo ulipokwisha palikuwa na kimya cha kama sekunde mbili kabla ya mwingine kuanza. Nikaiona albamu ya kawaida tu, ya watu wanaovijua vyombo vyao lakini wamechoka. Baadaye nikagundua kwamba kwenye mipangilio kuna kitufe cha kuondoa ule mwanya. Nikakibonyeza, nikaanza upya, na kufikia wimbo wa tano nilikuwa nimesimama wima katikati ya chumba. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, kaondoe mwanya huo kwanza, au tafuta santuri yenyewe. Ni dakika 43, na hazitaki kukatwa popote isipokuwa pale pa kugeuza santuri.

Sasa nijieleze. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, na kwa miaka mingi roki ya progresivu niliikwepa. Nilikuwa nimeambiwa ni muziki wa wasomi: nyimbo za dakika 20, vipande vya Bach, yule mtunzi wa kale wa Kijerumani, vilivyotiwa umeme, midundo ya 7 na 5 ambayo ukitaka kuicheza ni lazima uhesabu kwa vidole. Hayo yote yapo, sikatai. Ila hakuna aliyeniambia kwamba nusu ya kilichomo nimekuwa nikikipiga mwenyewe kila Jumapili.

Chukua kinanda cha Hammond, kile cha umeme. Laurens Hammond alikiingiza sokoni mwaka 1935, na makanisa yakawa wanunuzi wake wakubwa kwa sababu kinanda cha mabomba kilikuwa ghali na kilidai jengo la kukibeba. Makanisa ya Wamarekani weusi hayakukitumia kama kibadala cha mabomba. Yalikifunza kazi nyingine kabisa: kumjibu mhubiri. Kiunganishe na spika ya Leslie, ambayo ndani yake kuna pembe inayozunguka, na sauti inaanza kutetemeka kama koo la mtu anayekaribia kulia. Mwaka 1967 Procol Harum, bendi nyingine ya Uingereza, walipoweka piano na Hammond pamoja kwenye bendi moja, kila mtu alizungumzia Bach. Mpangilio wa piano upande huu na Hammond upande ule, kimoja kikisema na kingine kikiitikia, ulikuwa umekaa makanisani siku nyingi kabla yao.

Tuje kwa Pink Floyd. Albamu ilitoka Machi 1973, ikiwa imerekodiwa katika studio za Abbey Road, London. Maneno yake, ya Roger Waters, mpiga besi wa bendi, hayamtegemei Mungu hata kidogo. Yanazungumzia muda unaopotea, pesa, vita, wazimu. Mwishoni mwa wimbo wa "Time" muziki unarudi kwenye sauti ya wimbo wa pili, na mpiga gitaa wao, David Gilmour, anaimba habari za mtu aliyerudi nyumbani akiwa na baridi na uchovu, akaukaribia moto. Mbali, ng'ambo ya shamba, kengele ya chuma inalia na waumini wanapiga magoti. Yeye haendi. Anabaki na moto wake. Halafu, bila nafasi ya kuvuta pumzi, inaingia piano ya Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi. Mwanya wa sekunde mbili uliniibia mahali hapo hapo. Kengele inalia nje, mtu anakataa kwenda, na kanisa linamfuata alipo.

Wimbo huo ni "The Great Gig in the Sky", na asili yake inachekesha kidogo. Walipoupiga jukwaani mwaka 1972, kabla albamu haijarekodiwa, uliitwa "The Mortality Sequence". Ulikuwa wa kinanda, na juu yake walicheza kanda zenye vifungu vya Biblia na maneno ya mtangazaji Malcolm Muggeridge. Walipofika studio waliyafuta maneno hayo yote. Kilichosalia ni piano, na bawabu wa studio anayesema kwa utulivu kwamba yeye haogopi kufa. Kwa lugha yetu ya kwaya, walifukuza mahubiri wakabakiza mpiga kinanda.

Kisha wakamwita Clare Torry. Ilikuwa Jumapili, tarehe 21 Januari 1973, naye alikuwa na miaka 25. Hakuwa mwimbaji wa injili. Alikuwa Mwingereza aliyeishi kwa kutunga nyimbo na kuimba kwa kukodiwa studio. Walimwambia wimbo unahusu kifo na kwamba hauna maneno. Akaanza na yale maneno ya mapenzi ambayo kila mwimbaji anayo mdomoni, wakamzuia. Ndipo akaamua kujifanya ala ya muziki. Alilipwa pauni 30 akaenda zake, akidhani kazi yake haitatumika popote. Baadaye aliikuta albamu dukani, na jina lake limo.

Hapa naomba nikalishe mikono yako kwenye kinanda, kwa sababu bila hivyo utadhani nasifia tu. Sauti ya Torry inapopaa, chini yake kuna kodi mbili, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja (za kinanda, si zile za serikali): Gm7 na C9. Weka mkono wa kulia kwenye G, B♭, D na F. Sasa shusha F peke yake iwe E, nusu hatua tu, na mkono wa kushoto uhame kutoka G kwenda C. Basi, umemaliza. Vidole vitatu havikuinuka kabisa. Masikio yanaingojea kodi ya F, ambako ndiko nyumbani, lakini mkono unarudi Gm7, kisha C9 tena, kisha Gm7. Mpiga kinanda yeyote wa kanisani anaujua mzunguko huu. Tunaupiga maombi yanapokolea na hakuna ajuaye yataisha saa ngapi. Ukifika nyumbani mapema, umemkata mwombaji. Ukizidisha manjonjo, umemfunika. Unatakiwa uyumbe tu kati ya mbili, kama mtu anayebembeleza mtoto, na macho yako yawe kwa anayeomba.

Wright anafanya hivyo hasa. Hachezi piano ya kuonyesha ufundi. Nick Mason anaingia na ngoma kwa nguvu, Torry anapanda mpaka sauti inapasuka, halafu katikati kila kitu kinashuka na yeye anarudi kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, na piano inashuka naye ngazi kwa ngazi. Sehemu hiyo ya kushuka naipenda kuliko ile ya kupaa. Wanaojaribu kuuimba wimbo huu mashindanoni hukazana na makelele ya mwanzo, wakaisahau ile ya pili, ambapo mtu ameshalia machozi yakamwishia.

Na hapa ndipo penye swali ambalo watu wa kwaya tunalielewa kuliko mawakili. Wimbo huu umetungwa na nani? Kodi ni za Wright. Lakini ile sauti, kila kupanda na kila kushuka kwake, Torry aliitoa kifuani papo hapo. Kwa zaidi ya miaka 30 jina la mtunzi lilikuwa la Wright peke yake. Mwaka 2004 Torry alikwenda mahakamani, mwaka 2005 wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo ametajwa kama mtunzi mwenza. Kwangu mimi haki ilichelewa, nukta.

Upande wa pili wa santuri, msikilize Doris Troy. Yuko kwenye kundi la wanawake wanne wanaoitikia, pamoja na Lesley Duncan, Liza Strike na Barry St. John. Troy alizaliwa New York, binti wa mhubiri wa Kipentekoste, akaimba kwenye kwaya ya baba yake katika nyumba ambayo muziki wa dunia haukutakiwa. Dada yake alikuja kuandika igizo la muziki kuhusu maisha hayo, na Doris mwenyewe akacheza nafasi ya mama yao. Fikiria mtu wa namna hiyo akiwa London, mbele ya maikrofoni, anaitikia maneno ya watu wasioamini chochote.

Wanawake hao wanasikika vizuri kuliko popote pengine kwenye "Eclipse", wimbo wa kufungia. Kimuundo ni pambio. Mstari unaanza kwa maneno yaleyale, unabadilika neno moja, unaanza tena, kama Zaburi ya 150 na "msifuni" zake. Hammond inanenepa, waitikiaji wanaongezeka, na kila mstari unausukuma uliotangulia. Nimewahi kuimbisha mapambio ya namna hii yakapita dakika kumi. Wao wanamaliza kwa dakika mbili na sekunde chache, na kusema kweli nahisi wameninyima. Kwaya yangu isingekubali kukaa chini wakati huo.

Kuna pia rekodi ya jukwaani ya Wembley, mwaka 1974, ya albamu hii nzima. Hapo Torry hayupo. Wapo Venetta Fields na Carlena Williams, Wamarekani weusi, na Fields alikulia kwenye uimbaji wa kanisani. Ukiwa na muda, sikiliza "The Great Gig in the Sky" ya studio kisha hii. Ile ya studio ni mtu aliyekumbwa na jambo asilolijua jina. Hii ya Wembley ni ya wanaolijua tangu utotoni, kwa hiyo hawana haraka. Sitakuambia ipi ni bora. Yangu ni ya studio, ila naona aibu kidogo kukiri.

Mtu ataniuliza: kwa nini usipitie albamu ya progresivu iliyookoka kabisa? Nimeisikiliza. Neal Morse aliacha bendi yake ya Spock's Beard mwaka 2002 baada ya kuokoka, na mwaka uliofuata akatoa Testimony, diski mbili za ushuhuda wa maisha yake. Mike Portnoy yuko kwenye ngoma, na Kerry Livgren wa bendi ya Kansas, ambaye naye aliokoka akiwa na jina kubwa, anapiga gitaa mahali fulani. Ni kazi ya moyo, na nyimbo kadhaa nimezipenda. Lakini kwa masikio yangu injili imekaa kwenye maneno zaidi kuliko kwenye mwendo wa muziki. Ni mtu mmoja anasimulia kwa karibu saa mbili. Muziki wa injili unaishi kwa kujibiwa, na mle ndani majibu ni machache. Pink Floyd, waliofuta Biblia kwenye kanda, waliacha nafasi ya mtu kuitikia.

Kasoro za The Dark Side of the Moon nazitaja haraka. "On the Run" ni dakika tatu na nusu za mashine inayokimbia; wenye kupenda vinanda vya umeme wataniona mshamba, lakini mimi huenda kuchota maji. "Money" imechezwa redioni mpaka imechakaa. Na wimbo wa Torry unafifia badala ya kumalizika. Mtu ameomba kwa dakika nne na ushee, halafu hakuna anayesema amina.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu imebaki kwa hiyo amina.

Juzi kabla ya mazoezi, watu wakiwa bado wanaingia mmoja mmoja, nilikuwa nimekaa kwenye kinanda nazungusha Gm7 na C9 bila kufikiri. Mama mmoja wa sauti ya pili aliweka mkoba wake chini, akaanza kuguna wimbo mdomo ukiwa umefumba, kisha akanisogelea.

"Mwalimu, hili pambio ni namba ngapi?"

"Halimo kitabuni, mama."

"Basi usiache," akasema, na akaanza kulitilia maneno yake.