Uzoefu Wangu na Château Léoville Barton: Mavuno ya 1996, 2000 na 2005

Château Léoville Barton ni mvinyo mwekundu wa Saint-Julien, katika eneo la Médoc lililo kaskazini mwa jiji la Bordeaux, Ufaransa, na katika orodha maarufu ya mwaka 1855 iliyopanga mvinyo bora wa huko kwa madaraja, uliwekwa daraja la pili. Familia ya Barton, yenye asili ya Ireland, imeumiliki tangu 1826. Nimeufuatilia kwa miaka mingi kwa sababu zabibu za Cabernet Sauvignon, ambazo ndizo nyingi ndani yake, huufanya uwe mkali na mgumu ukiwa mchanga, hivyo kazi ya umri huonekana waziwazi kuliko katika mvinyo ulio laini tangu mwanzo.

Chupa tatu nilizozionja kwa pamoja zilitunzwa mahali pamoja, penye giza, unyevu na ubaridi usiobadilika. Nilizisimamisha wima tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie, kisha nikamimina polepole, taa ikimulika shingo ya chupa.

Mavuno ya 1996 yalikuwa na rangi ya tofali ukingoni mwa glasi, na harufu ya mwerezi, tumbaku na majani yaliyolowa mvua. Ukakasi ulikuwa umekwisha kabisa. Uliobaki ni uchachu safi na utamu hafifu wa matunda, ambao kwa kadiri ya saa moja glasi ilipokaa mezani ulianza kufifia. Ni mvinyo mzuri sana, lakini mwenye chupa yake asiuweke tena, wala asiuache kwenye jagi muda mrefu.

Mavuno ya 2000 ndiyo yaliyonikonga moyo. Harufu ya matunda meusi ingali imejaa, kama zambarau zilizoiva zikaanza kupasuka, na chini yake kuna ngozi na udongo. Ukakasi bado upo, ila umekuwa mwororo, unashika ulimi na kuuachia bila kuukausha. Hapa ndipo ninapopima umri wa mvinyo. Harufu za uzee huweza kujitokeza mapema na kumhadaa mwonjaji, ilhali ufizi haudanganyiki: kadiri miaka inavyopita, tanini, yaani viambato vya zabibu vinavyoleta ukakasi, huungana zenyewe kwa zenyewe na pia na chembe za rangi, zikawa nzito na kutuama kama mashapo, na ndiyo maana rangi hupauka wakati uleule ukali unapopungua. Uchachu haupungui kwa namna hiyo. Mvinyo uliokosa matunda ya kutosha tangu mavunoni, hata ukiwekwa miaka 30, utaishia kuwa uchachu mtupu.

Yale ya 2005, mwaka uliokuwa mkavu mno Bordeaux, yamejaa nguvu na bado yamejifunga. Niliyaacha kwenye jagi kwa saa kadhaa na matunda yakaanza kufunguka, lakini tanini ziliendelea kuyatangulia mdomoni. Nina imani nayo kwa kuwa matunda hayo ni mengi na safi.

Kuhusu bei, marehemu Anthony Barton, aliyeshika usukani mwaka 1983, alisifika kwa kutopandisha bei kiholela, na hadi leo naona thamani ya chupa hii inazidi ya jirani zake wengi wa daraja hilohilo. Kwa anayenunua chupa moja ya kunywa sasa pamoja na nyama ya kondoo ya kuchoma, ningemshauri achukue ya 2000.