Thonny kwenye daftari la kikoba cha shangazi

Nina miezi mitatu na Thonny, ile programu ya bure ya kuandikia Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Mimi ni fundi simu, kuandika programu nimeanza ukubwani. Ukiisakinisha inakuja na Python yake ndani. Unaandika, unabonyeza F5, inaanza kufanya kazi, basi.

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari la kikoba cha shangazi, maana yeye ndiye mweka hazina. Nikamkalisha kwenye laptopu. Alipoulizwa kiasi akaandika kama anavyoandika siku zote: 5,000/=. Maandishi mekundu yakajaa chini, ValueError, yaani kilichoandikwa hakigeuziki kuwa namba. "Haya mwanangu, nimeshaiharibu," akasema, mikono akairudisha mapajani.

Hapo ndipo nilipokipenda kidirisha cha Variables, kile cha kuonyesha programu imeshika nini kwa sasa. Kinakuonyesha '5000' ikiwa na alama za kunukuu, yaani bado ni maandishi. Ikishapita kwenye int, ile amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, alama zinaondoka. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi na haliingii, nikalielewa siku nilipoliona. Basi nikafuta kwanza koma na /=, swali nikaliweka ndani ya while, amri ya kurudiarudia, na akikosea anaambiwa tu: "Andika namba tupu, mfano 5000." Kesho yake akaandika -5000, akimaanisha kuna aliyekopa. int haikuwa na neno, ikapokea, na michango ya wiki ikapungua. Nikaongeza sharti la kukataa chochote kisichozidi sifuri, mikopo nikaitengea swali lake.

Lililonitoa jasho nilijitakia mwenyewe. Kwenye except, sehemu ya kudaka makosa ili programu isikatike, niliandika except tupu, bila kuitaja ValueError. Nabonyeza Ctrl+C nitoke, swali linarudi. Nabonyeza tena, linarudi! Kumbe except ya hivyo inameza hata amri ya kusimama. Kitufe chekundu cha Stop ndicho kilichoniokoa.

Ninachoilaumu: ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza kama Python ilivyoutoa, kwa hiyo ule wa kumfaa shangazi utauandika wewe. Na mradi ukishakuwa na mafaili mengi utatafuta kitu kingine.

Ah, na namba za simu msizipitishe kwenye int, sifuri ya mbele inapotea. Ziacheni zibaki maandishi, hesabuni tu kama zimefika tarakimu kumi. Nyota nne.