Laini Gani Ununue Ukisafiri Nchi Ndogo: Kuanzia Bora Hadi ya Kuepuka

Ukienda nchi kubwa, shughuli ya laini huishia kwenye bei ya bando. Nchi ndogo ina jambo lake: mpaka uko karibu mno. Maseru, mji mkuu wa Lesotho, umekaa ukingoni mwa mto Mohokare, na ng'ambo ni Afrika Kusini. Kutoka Vaduz, Liechtenstein, kufika Uswisi ni kuvuka mto Rhine tu. Gambia, hata pale ilipo pana zaidi, ni kama kilomita 50 kutoka mpaka wa kaskazini hadi wa kusini. Minara ya jirani inaingia hadi chumbani, na simu ikipoteza mnara wake hushika mwingine wowote inaoruhusiwa. Hapo ndipo salio huyeyuka usiku mmoja, mwenye simu akabaki kujiuliza alimpigia nani.

Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa bei peke yake. Laini iliyo juu ni ile itakayokupa mtandao pale utakapolala, bila kukushtukiza na makato ya nchi ambayo hukuikanyaga.

Kabla ya kutoa hela, ikague simu. Piga *#06#. Itakuja IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na kama chini yake kuna namba ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID, simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Halafu azima laini ya kampuni nyingine uichomeke: ikikataa kusoma au ikidai msimbo wa kufungulia, simu imefungwa kwa kampuni iliyoiuza, na hakuna laini ya ugenini itakayofanya kazi mpaka ifunguliwe. Angalia pia kama ina 4G. Nchi nyingi za Ulaya zimeshazima 3G, na simu ya zamani iliyoishia hapo itabaki ya kupigia tu, tena pale ambapo 2G bado ipo.

Ya kwanza: laini ya kampuni ya nchi hiyohiyo

Ukikaa zaidi ya siku tatu au nne, usihangaike na nyingine. Unanunua bando kwa bei ya wenyeji, na namba yako ni ya huko, kwa hiyo dereva au mwenye nyumba ya wageni anakupigia bila kuhofia salio lake. Lakini faida kubwa ni nyingine, na wengi hawaifikirii: laini ya Gambia ikiwa Gambia iko kwao. Unaweza kuzima romingi, yaani laini kutumia minara ya kampuni nyingine ikiwa nje ya nchi yake, na minara ya Senegal isikuguse. Kwa nyingi ya laini zilizo hapa chini huwezi kuzima romingi, kwa sababu romingi ndiyo inayozifanya ziwe hai.

Kampuni ipi? Hapo usiulize dukani, maana kila duka litajisifia. Muulize anayekupokea: "Hapo kwenu mnatumia laini gani?" Swali hilo linashinda ramani yoyote ya matangazo. Chukua Lesotho, ambako kampuni kubwa ni Vodacom Lesotho na Econet. Nchi nzima iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, milima mitupu, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na mtandao wa kutosha na kinachofuata, nyuma ya kilima, simu ikaandika "hakuna huduma". Kampuni inayotamba mjini si lazima iwe ndiyo iliyosimika mnara kule unakokwenda. Komoro nako uliza kwa kisiwa: Ngazidja, Nzwani au Mwali. Na ukivuka kwenda kisiwa cha Maore (Mayotte) ujue umeingia utawala wa Ufaransa; laini ya Komoro ikifika huko ni mgeni kama wewe. Andorra wamekuondolea kazi ya kuchagua, kwani kampuni ni moja tu, Andorra Telecom. Kilichobaki ni kuchagua bando.

Nunua kwenye duka la kampuni au kwa wakala anayeeleweka, ukiwa na pasipoti mkononi. Mtu wa stendi mwenye laini "iliyokwisha kusajiliwa" mwachie mwenyewe. Laini hiyo ina jina la mtu mwingine. Siku ikifungwa huna pa kudai, na ikiwahi kutumika kwenye wizi utaulizwa wewe uliyeishika.

Ukishasajiliwa, usiondoke kaunta. Kaa hapohapo, mpigie muuzaji aone namba yako, tuma ujumbe mmoja, fungua ukurasa wowote ukiwa umezima Wi-Fi. Simu ikionyesha mnara lakini intaneti imekataa, mara nyingi tatizo ni APN, yaani mpangilio unaoiunganisha laini na intaneti, na muuzaji huurekebisha kwa dakika moja. Ukishafika hotelini utasumbuka nao jioni nzima. Muulize namba ya kuangalia salio na muda wa bando: wengine wanauza la wiki kwa mgeni wa siku mbili. Ile kadi kubwa iliyoshikilia laini usiitupe, ina PIN, namba ya siri ya laini, na PUK, namba ya kuifungulia. Ukikosea PIN mara tatu laini inajifunga, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa, unarudi dukani.

Na laini ya nyumbani? Iache ndani ya simu kwenye tundu la pili, data yake ikiwa imezimwa. Utaihitaji kwa ujumbe wa benki wenye namba za siri, na WhatsApp itaendelea na namba yako ya zamani bila shida. Ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Mwenye simu ya laini moja abebe kitochi, laini ya nyumbani ikae humo. Ni suluhisho la kizee, lakini chaji yake inadumu siku nyingi na haina data ya kukuibia.

Ya pili: eSIM ya wasafiri

Hii unainunua mtandaoni kabla ya safari, unaskani msimbo, na ukitua unawasha. Ni nzuri sana kwa safari fupi, kwa anayefika usiku maduka yamefungwa, au kwa anayepita nchi tatu ndani ya wiki moja. Ingekuwa ya kwanza kama si tabia yake ya kuzisahau nchi ndogo.

Bando linaloitwa "Ulaya" linaweza lisiwe na Andorra, Monaco wala San Marino. Linaloitwa "Afrika" huenda lina nchi kumi na kitu tu, na ile yako haimo. Usisome jina la bando. Fungua orodha ya nchi uitafute yako kwa herufi. Ukiikuta, angalia imeandikiwa kampuni gani ya huko, kisha urudi kwenye lile swali la mwenyeji wako anatumia laini gani. Nchi ikiwa na kampuni tatu na eSIM yako ikashika moja tu, tena ile dhaifu, bei nafuu haitakusaidia kitu.

Mambo mengine mawili. Nyingi ya hizi ni za data tupu, hazina namba ya simu, kwa hiyo huwezi kupigiwa kwa njia ya kawaida wala kupokea ujumbe wa kuthibitisha akaunti. Pia isakinishe ukiwa na Wi-Fi nzuri kabla hujaondoka, na usiifute hata ikikataa mwanzoni. Nyingi husakinishwa mara moja tu. Ukifuta umenunua hewa.

Ya tatu: romingi ya laini yako ya nyumbani

Kwa ziara ya siku moja au mbili, sawa. Na kuna maeneo ambako sheria imeifanya kuwa chaguo la kwanza. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya kampuni ya nchi ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za umoja huo kwa bei ya nyumbani, na utaratibu umeongezwa muda hadi 2032. Unahusu pia Iceland, Norway na Liechtenstein. Kwa hiyo aliyenunua laini Ujerumani anaingia Luxembourg au Malta bila kununua nyingine, ingawa bando kubwa linaweza kuwekewa kikomo cha data akiwa nje. Lakini tazama mtego ulivyokaa: Liechtenstein imo, Uswisi iliyo ng'ambo ya mto haimo. Andorra, Monaco na San Marino nazo ziko nje ya sheria hiyo. Kampuni ikikuingiza bure huko ni kwa hisani yake. Meli na ndege zenye mtandao wa setilaiti haziguswi kabisa na bei hizo. Ukipanda meli, weka simu kwenye hali ya ndege hata kama pwani unaiona.

Kwetu Afrika Mashariki, mpango wa Mtandao Mmoja ulioanzishwa kati ya 2014 na 2015 na Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini uliwaondolea wasafiri malipo ya kupokea simu na kuweka kikomo kwenye bei ya kupiga. Ulianza na sauti, si data. Kwa hiyo anayekwenda Kigali aulize kampuni yake bei ya MB moja, asiridhike na kuambiwa "romingi ipo".

Ukiamua romingi, ingia kwenye mipangilio, zima kuchagua mtandao kwa otomatiki, kisha uchague mwenyewe kampuni ya nchi uliyomo. Simu itatafuta kwa dakika moja au mbili halafu itakuletea majina. Ya jirani utayaona yamepangwa humohumo. Jingine ni ujumbe wa sauti. Simu usiyoipokea ikielekezwa kwenye boksi la ujumbe nyumbani, unaweza kutozwa kwa safari ya kwenda na ya kurudi. Kabla ya kuondoka piga ##002# ili kufuta uelekezaji wote.

Ya nne: laini ya nchi jirani

Huu ni ujanja wa watu wa mpakani, na kwao unafanya kazi. Mgeni akiuiga anakuwa na mtandao asubuhi mjini, na mchana akiingia ndani ya nchi hana kitu, au ana romingi bila kujua. Inunue tu kama safari yako kubwa iko kwa jirani na nchi ndogo unaipitia kwa saa chache. Na uwe makini na namba: Gambia ni +220, Senegal ni +221. Hifadhi kila namba ikiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, la sivyo utampigia mtu wa ng'ambo.

Ya tano: kifaa cha Wi-Fi cha mfukoni

Hiki hutiwa laini kikazigawia simu kadhaa intaneti. Kinafaa familia au kikundi kinachotembea pamoja siku nzima. Ni kitu kingine cha kuchaji na cha kupoteza, na simu nyingi zinaweza kugawa intaneti zenyewe kwa hotspoti. Ukikichukua, hakikisha hakijafungwa, kisha weka ndani yake laini ile ya kwanza.

Kutegemea Wi-Fi ya hoteli pekee hakumo kwenye orodha, maana si ununuzi. Wapo wanaoweza, hasa Monaco, ambayo yote ni kilomita za mraba 2 na ushei. Wapakue ramani ya eneo zima kabla ya kutoka mlangoni. GPS ya simu huonyesha ulipo hata bila laini wala bando.