Vidole vya mama na usajili wa laini: uzoefu wangu

Mama yangu amebangua korosho huko Newala zaidi ya miaka thelathini. Mafuta ya lile ganda huunguza ngozi, na vidole vyake, hasa gumba na cha shahada, vimebaki laini havina mchirizi.

Mwaka jana aliibiwa simu, nikampeleka kurudisha laini. Kijana wa dukani akaingiza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, akamshika mama kidole na kukibandika kwenye mashine. Taa nyekundu. Akakifuta kwa kitambaa, akajaribu kingine, mpaka mkono wa kushoto. Kumi vyote vikagoma. "Mama, vidole vyako havisomi. Njoo kesho." Tulirudi siku tatu, na hela yake yote iko kwenye laini hiyo. Siku ya tatu dada mmoja alimpaka mafuta kidogo vidoleni, kidole cha mwisho cha kushoto kikasoma.

Laini iliporudi nikabonyeza *106# nione namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Kulikuwa na moja tusiyoijua kabisa. Mama akakumbuka Januari 2020, ile foleni ya kuwahi tarehe 20 kabla laini hazijafungwa. Wakala wa mwavuli alimwambia abonyeze tena na tena, eti kidole hakijakamata. Nani angeshuku kwamba anasajiliwa laini nyingine, wakati kweli vidole vyake huwa havikamati?

Hapo ndipo ninapoumia. Namba ya NIDA yenyewe naipenda: imetupunguzia safari za kufuata barua kwa mtendaji, na benki walimfungulia mama akaunti kwa namba hiyo siku hiyohiyo. (Ila tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na mawakala wanaiandika kwenye daftari lililo wazi mezani.) Sheria ya kulinda taarifa binafsi tunayo, ilianza kutumika Mei 2023. Lakini mbangua korosho, mpasua mawe na mzee wa miaka themanini wanahitaji njia nyingine ya kujitambulisha, iwe sura au maswali, tena iwe kwenye kila duka la laini. Na kila kidole kikisoma, ujumbe uje papo hapo kumwambia mtu amesajili namba gani.

Ile laini ngeni tumeifungisha. Sasa mama habandiki kidole kabla hajauliza: "Mwanangu, hiki ni cha laini ipi?"