Mihimili inayojipanga yenyewe: uzoefu wangu na Matplotlib

Kazi yangu inanipitisha kwenye Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, karibu kila siku. Data ninazochora zinatoka kwenye vihisi vya halijoto, unyevu na mgandamizo wa hewa, na mara nyingine ni matokeo ya maabara yaliyoletwa kwenye faili la CSV. Maoni mengi kuhusu programu za grafu huishia kwenye rangi na urahisi wa kujifunza. Haya yangu yanahusu mihimili tu, ile ya x na y inayojipanga yenyewe kabla hujaandika amri yoyote ya kuielekeza.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu karibu hakuna anayepanga mihimili kwa mkono kwenye kila grafu. Unapokagua data mpya unachora grafu, unaitazama, unaifunga, unachora nyingine. Kile ulichoamuliwa na programu ndicho jicho linachokizoea, na mara nyingi ndicho kinachoingia kwenye ripoti kama kilivyo. Chaguo-msingi la mhimili ni uamuzi wa kisayansi, na aliyeufanya ni mwandishi wa msimbo ambaye hakuwahi kuiona data yako. Anastahili kupongezwa akiamua vizuri, na kuambiwa ukweli pale ambapo bado.

Nianze na kinachonifurahisha. Toleo la 2.0, lililotoka Januari 2017, lilibadilisha namna mipaka ya mhimili inavyopatikana. Kabla ya hapo mpaka ulisogezwa hadi kwenye alama ya vipimo iliyo karibu. Data ya kuanzia 0 hadi 100 ilijaza fremu yote, na nukta za mwisho zikakatwa nusu na mstari wa fremu. Data hiyo ikifika 101, mhimili uliruka hadi 120 na sehemu ya juu ya grafu ikabaki tupu. Siku hizi programu inachukua tofauti kati ya thamani ndogo na kubwa, inaongeza asilimia 5 kila upande, basi. Nukta ya mwisho inaonekana nzima, na data ikibadilika kidogo grafu nayo inabadilika kidogo. ggplot2, maktaba ya grafu ya lugha ya takwimu ya R, inatumia asilimia 5 hiyo hiyo kwa vigeu endelevu, na grafu za msingi za R zinatumia 4, kwa hiyo hili ni jambo ambalo watu wa fani hii wamekaribia kukubaliana.

Uangalifu wa waandishi wa Matplotlib unaonekana zaidi kwenye grafu za pau. Ile asilimia 5 ingeongezwa kila mahali bila kufikiri, pau zingeelea juu ya mstari wa chini, na chini ya sifuri kungekuwa na utepe mtupu usio na maana yoyote. Matplotlib inaifahamu sifuri ya pau kama ukingo usiopaswa kusogezwa, kwa hiyo nafasi inaongezwa juu pekee. Namba za kwenye mhimili nazo hazichaguliwi ovyo: hatua huwa 1, 2, 2.5 au 5, zikizidishwa na kipeo cha kumi kinachofaa. Paul Heckbert alichapisha mwaka 1990 kanuni fupi ya kutafuta namba za aina hii, na hadi leo programu nyingi zinafuata wazo hilo hilo. Msomaji hajui kwamba kuna mtu aliyeumiza kichwa ili asikutane na alama za 13.7, 27.4 na 41.1. Anasoma tu na kuendelea.

Sasa ule ubishi usiokwisha: mhimili wa y uanze sifuri au usianze? Msimamo wa Matplotlib ni kwamba pau huanza sifuri, ilhali mistari na nukta hufuata data. Naukubali kwa moyo wote. Upau unasomwa kwa urefu wake, ukiukata miguu umebadilisha uwiano. Mstari unasomwa kwa mwinamo wake. Chukua joto la mwili wa mgonjwa linalopanda kutoka 36.5 hadi 39. Ukilazimisha mhimili uanze sifuri, homa hiyo itaonekana kama mstari uliolala, na sifuri ya Selsiasi ni joto la maji kuganda, haihusiani na mgonjwa hata kidogo. Anayedai kila grafu ianze sifuri hajawahi kuchora chati ya homa.

Linganisha na Excel, ambayo kwa namba chanya hutazama kama tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo inazidi asilimia 16.67 ya ile kubwa. Ikizidi, mhimili unaanza sifuri. Isipozidi, unaanza karibu na data. Kwa ofisi labda inatosha. Kwa mtu wa vipimo inasumbua, maana thamani mpya moja ikiingia kwenye jedwali, mhimili unaweza kuhama kutoka namna moja hadi nyingine, na grafu ya wiki hii ikaonekana ngeni kabisa kando ya ile ya wiki iliyopita. Napendelea kanuni inayotegemea aina ya grafu, kwa sababu naweza kuitabiri kabla sijachora.

Kuna tabia nyingine ninayoitetea ingawa wengi huilalamikia. Data nyingi za hali ya hewa na za mito hutumia -9999 mahali ambapo kipimo hakikupatikana. Usipoziondoa, thamani moja tu ya namna hiyo inauvuta mhimili wote hadi karibu -10000, na halijoto zako zote zinabanana juu kama uzi mmoja. Watu wanasema programu ingepaswa kuwa na akili ya kuipuuza nukta hiyo. Hapana! Grafu ile mbaya ndiyo inayokuambia kwamba data haijasafishwa. Programu ingeificha nukta ili mchoro upendeze, wastani wako ungebaki na sumu ndani yake na usingejua. Chaguo-msingi jema huonyesha kila kilichomo, hata kama sura inaharibika, kisha wewe ndiye unayeamua. Na ukiamua kubana mhimili kwa amri ya set_ylim, Matplotlib inabana mwonekano tu na data inabaki yote. Wanaotoka ggplot2 walizingatie hili, kwani huko mipaka ikiwekwa ndani ya skeli, thamani zilizo nje zinaondolewa kabla ya hesabu, na mstari wa mwelekeo unaweza kubadilika. Kwa kukuza tu mwonekano kule hutumika coord_cartesian.

Nisiposifia ni kwenye namba zilizofupishwa. Chora mgandamizo wa hewa unaocheza kati ya Paskali 101320 na 101330. Mhimili wa y hautaandika namba hizo. Utaandika 20, 22, 24 hadi 30, na pembeni juu kabisa, kwa herufi ndogo, +1.013e5. Yaani unatakiwa ujumlishe 101300 mwenyewe. Mtu anayejua atajumlisha. Msomaji wa ripoti ataona mgandamizo wa hewa wa Paskali 24 na kushangaa, au vibaya zaidi, hatashangaa. Zamani hali ilikuwa mbaya kuliko hii, hata miaka iliyokaribiana kama 2010 hadi 2016 iliweza kufupishwa hivyo. Toleo la 2.0 lilipandisha kizingiti, ufupisho ukawa wa nadra. Ni hatua nzuri, ila mimi ningeuzima kabisa na kumwachia anayeuhitaji auwashe.

La pili linaumiza kimyakimya. Safu ya namba kwenye CSV ikiwa na herufi moja iliyopotea njia, mara nyingi safu nzima husomwa kama maandishi. Matplotlib inakubali maandishi kwenye mhimili: inayachukulia kama makundi, inayapanga kwa mfuatano wa kuonekana kwake, kwa nafasi sawa. Hapo 9 inaweza kukaa juu ya 100, na umbali kati ya 10 na 1000 ukawa sawa na ule kati ya 10 na 11. Onyo lipo pale tu maandishi yote yanaposomeka kama namba au tarehe, na hata hapo limewekwa kwenye kiwango cha ujumbe ambacho kwa kawaida hakionyeshwi. Dalili ya kuitambua ni mhimili uliojaa maandishi yaliyopandana hadi ukawa kama wino uliomwagika. Ukiuona, usihangaike kupunguza ukubwa wa herufi, rudi kwenye data. Onyo hilo linastahili kutokea waziwazi.

Lakini panaponigusa kuliko pote ni grafu kadhaa zinazowekwa pamoja. Ukiomba vyumba vinne kwa subplots, amri inayoweka grafu kadhaa kwenye mchoro mmoja, kila chumba kinapata mhimili wake wa y uliokazwa kwa data yake. Tuseme una vihisi vinne vya halijoto ndani ya ghala. Kimoja kinapanda na kushuka kati ya nyuzi 20 na 35. Kingine, kilicho ndani kabisa, kinatikisika kati ya 24.8 na 25.2. Kwa chaguo-msingi, vyote viwili vinatoka na milima na mabonde ya urefu uleule. Mtu akizitupia jicho anasema sehemu zote za ghala zinapata joto na baridi kwa kiwango kimoja, na uamuzi wa wapi pahifadhiwe dawa au mbegu unafanywa juu ya picha hiyo. Namba sahihi zimeandikwa pembeni, sawa, lakini grafu zinapopangwa bega kwa bega jicho linalinganisha maumbo. Ndiyo sababu ya kuzipanga hivyo. Ukiandika sharey=True, yaani mhimili wa y uwe wa pamoja, kihisi cha ndani kinageuka mstari ulionyooka, na hapo ndipo unapoona habari yenyewe: ukuta unafanya kazi yake.

ggplot2 imechagua kinyume. Ukigawanya data kwa facet_wrap mihimili inakuwa ya pamoja hadi wewe mwenyewe uiachanishe. Seaborn, iliyojengwa juu ya Matplotlib, nayo inashirikisha mihimili kwenye FacetGrid. Najua utetezi: subplots haijui kama vyumba vyako vina kipimo kimoja. Kimoja kinaweza kuwa unyevu kwa asilimia na kingine mgandamizo kwa Paskali, na kuviunganisha kungekuwa upuuzi. Ni hoja yenye uzito kwa chombo cha ngazi ya chini kama hiki. Bado naona gharama hazilingani. Mihimili ikiunganishwa pasipostahili, grafu moja inabanwa na unagundua papo hapo. Ikiachanishwa pasipostahili, kila kitu kinapendeza na hakuna anayegundua. Picha za amri ya imshow, inayoonyesha thamani kwa rangi, zina ugonjwa huo huo, kwani kila picha huchukua thamani yake ndogo na kubwa kuwa mipaka ya rangi, kwa hiyo weka mipaka hiyo mwenyewe kwa vmin na vmax kila unapolinganisha mbili.

Kwa grafu za thamani iliyotabiriwa dhidi ya iliyopimwa, kumbuka amri ya set_aspect na neno equal, inayofanya kipimo kimoja kiwe na urefu sawa kwenye mihimili yote miwili. Ukubwa wa kawaida wa mchoro wa Matplotlib ni inchi 6.4 kwa 4.8, na bila amri hiyo mstari wa pale ambapo iliyotabiriwa ni sawa na iliyopimwa haulali kwenye nyuzi 45.

Mipangilio yangu naiweka kwenye faili la matplotlibrc ndani ya folda ya mradi, kwa kuwa Matplotlib huanza kulitafuta kwenye folda unayofanyia kazi kabla ya kwenda kwenye lile la mtumiaji. Humo axes.formatter.useoffset, inayosimamia ule ufupisho wa namba, ni False, na ile asilimia 5 nimeiacha kama walivyoiweka. Kushirikisha mihimili hakuna mstari wake kwenye faili hilo, kwa hivyo nimeandika kitendakazi kifupi kinachoita subplots na sharey ikiwa imewashwa, na kila mwenzangu kwenye timu anakitumia hicho badala ya amri ya asili. Anayetaka mihimili tofauti anaandika False kwa mkono wake, na anayekagua msimbo analiona neno hilo na kuuliza kwa nini.

Kwa grafu moja moja naipendekeza Matplotlib bila kusita. Kwa paneli za kulinganisha, anza na Seaborn au ggplot2, au ujitengenezee kitendakazi kama changu kabla ya ripoti ya kwanza kutoka.