Uzoefu wangu: kioo cha kuzuia moto nilichouziwa hapa Tanga

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijaeleza yaliyonikuta katika duka moja la vioo hapa Tanga, ambalo jina lake nitalihifadhi. Nilikwenda pale kununua kioo cha kuzuia moto kwa ajili ya jengo la biashara aliloniachia marehemu mume wangu kule Ngamiani. Nililipa fedha inayolingana na kodi ya miezi kadhaa ya duka la chini, nikaletewa kioo kilichokwisha kuharibiwa kabla hakijafungwa. Ushauri wangu ni kwamba mwenye jengo asikanyage pale.

Jengo lenyewe si kubwa. Chini kuna duka la magodoro, juu kuna ofisi mbili na darasa la ushonaji lenye wasichana wapatao 20. Ngazi ni moja tu, na kati ya ngazi hiyo na duka la magodoro palikuwa na dirisha pana la kioo cha kawaida, ambalo mume wangu aliliweka ili wanaopanda wapate mwanga. Askari wa Zimamoto aliyekuja kukagua alisimama mbele ya dirisha hilo kwa muda mrefu, akayatazama magodoro yaliyopangwa hadi karibu na dari, kisha akaniambia kwa upole: "Mama, duka hili likiwaka, kioo hiki kitapasuka mapema mno. Ama uzibe kwa tofali, ama uweke kioo kinachohimili moto kweli." Usiku ule sikupata usingizi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwasikia wale wasichana wakishuka mbio saa ya chakula cha mchana, na haikunijia hata siku moja kwamba njia yao pekee ya kutokea inapita ubavuni mwa shehena ya sponji.

Sikutaka kuziba kwa tofali, kwa sababu ngazi ingebaki giza mchana kutwa. Ndipo nikaelekezwa kwenye duka hilo.

Kijana wa mauzo alinionyesha kioo kinene, kizito kiasi kwamba walihitajika watu wawili kukigeuza, akaeleza kuwa kilikuwa ziada ya mradi wa jengo la ofisi katika nchi ya baridi kali huko Ulaya. Sifa hiyo ya baridi ndiyo aliyoishikilia kuliko zote. "Kama kimetengenezwa kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri," aliniuliza, "joto la Tanga litakishinda nini?" Kwa mtu asiyejua, maneno hayo yanaingia akilini vizuri sana, na mimi yaliniingia.

Kabla ya kulipa nilimpigia simu mtoto wa kaka yangu, ambaye anaishi Tampere, Finland, na kazi yake ni kufunga madirisha ya majengo makubwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Shangazi, hiyo baridi haihusiani na dirisha lako la ngazi." Alinieleza kuwa huko kwao baridi ni hoja pale tu kioo kinapokaa kwenye ukuta wa nje, ambapo upande mmoja kuna theluji na upande wa pili kuna watu waliovaa mashati mepesi. Hapo kioo cha kuzuia moto huunganishwa na vioo vingine viwili, na kati yake huachwa nafasi zenye gesi ya agoni ili joto la ndani lisitoroke. Tena wao huangalia sana ni upande gani utakaolipokea jua, kwa sababu miale yake inaweza kuuchosha utando wa kuzuia moto ulio ndani ya kioo, na kwa hiyo vioo vya nje huongezewa tabaka la plastiki la kuikinga miale hiyo, na kioo kikifungwa kinyumenyume kinga hiyo haina kazi. Lakini kati ya chumba na chumba, mambo hayo yote hayana uzito. Aliniambia nisitazame nchi kilikotoka, nitazame herufi za kipimo chake cha kuhimili moto. Herufi E peke yake ina maana kwamba kioo kinazuia mwali na moshi, lakini joto linapenya. Zikiwa E na I pamoja, kinazuia na joto pia, kwa idadi ya dakika iliyoandikwa mbele yake.

Karatasi ya kiwandani iliyokuja na kioo kile ilisomeka EI 30, na jina la mtengenezaji lilikuwa limechorwa ndani ya kioo pembeni, hata ukilikwaruza kwa ukucha halitoki. Nikalipa. Kwa hiyo sisemi kwamba niliuziwa kioo bandia, na naomba hilo lieleweke.

Lililoharibu kila kitu ni sentimita mbili. Kioo kilizidi dirisha langu kwa kiasi hicho, na kijana akasema hilo si tatizo, watakipunguza hapo hapo uani. Nilikaa kwenye benchi nikisikia mashine ya kukatia ikilia na maji yakimwagika. Kilipotolewa, niliona ule utepe wa rangi ya fedha uliokizunguka pande zote ulikuwa umechanwa upande mmoja, na mahali pake wamebandika selotepu ya kahawia, ile ile ya kufungia maboksi. Niliuliza. Nikajibiwa kuwa utepe ule ulikuwa wa kuzuia mikwaruzo wakati wa safari. Bahati niliomba nipewe ule ukanda mwembamba uliokatwa, kwa sababu nililipia kioo kizima.

Masika hayakufika hata katikati. Asubuhi moja, mkuu wa darasa la ushonaji aliniita nione. Kwenye ule upande uliokatwa palikuwa na ukungu mweupe uliotambaa kuelekea ndani kwa upana wa vidole vitatu, mzito kingoni na mwepesi kadiri unavyosogea katikati, kama tui lililomwagwa juu ya meza. Nilifuta upande wa ngazini, nikafuta upande wa dukani, haukutoka, kwa maana ulikuwa katikati ya kioo. Humo kulikuwa na vitone vya mapovu vidogo kama mayai ya chawa. Pande tatu ambazo utepe wake wa fedha haukuguswa zilikuwa safi kabisa, hazina doa.

Mpwa wangu alipoona picha hakuuliza swali hata moja, alisema tu: "Wamekata utepe." Kioo cha namna hii ni vioo kadhaa vilivyobandikwa pamoja, na kati yake kuna tabaka angavu la silikati ya sodiamu lililohifadhi maji ndani yake. Tabaka hilo ndilo lenye kazi, na ule utepe ndio mlango unaozuia unyevu usiingie. Hata kwao huko, kioo kikiachwa kwenye eneo la ujenzi kikasimama ndani ya theluji inayoyeyuka, huishia hivi hivi. Je, unyevu wa bandari yetu wakati wa masika utakihurumia? Kukipunguza ni kazi ya kiwanda au karakana iliyoidhinishwa na kiwanda, na utepe mpya ni lazima uwe ule ule. Kikishaingia maji, alisema, hakuna awezaye kukuahidi zile dakika 30.

Fundi wangu wa kuchomelea, ambaye alinitengenezea fremu ya chuma, alitaka kuona kwa macho yake. (Dukani walinishikilia ninunue fremu ya alumini ya kawaida, nami nikakataa baada ya kuambiwa kuwa alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660, ilhali tanuri la kujaribia vioo vya kuzuia moto hupita nyuzi 800 kabla ya nusu saa kwisha. Kioo kizuri ndani ya fremu inayoyeyuka kitaanguka chini kikiwa kizima.) Fundi alikishika kipande cha kioo cha kawaida kwa koleo juu ya jiko la gesi, kikalia kwa kishindo na kuanguka vipande viwili. Kisha akaushika ule ukanda wangu. Kioo cha chini kilipata nyufa, lakini hakikudondoka. Halafu ndani yake pakaanza kuumuka povu jeupe, tabaka juu ya tabaka, polepole kama maandazi yanavyofura kwenye mafuta, hadi mwali haukuonekana tena upande wa pili. Niliweka kiganja karibu na upande wa juu na nikaweza kukiacha hapo. Fundi aliniambia utando huo huanza kuumuka karibu na nyuzi 120. Nilisimama pale jikoni kwangu machozi yakinilengalenga, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu kitu ambacho kingewapa wale wasichana muda wa kushuka, na kitu hicho kilikuwa kimeharibiwa kwa uvivu wa mtu mmoja na selotepu ya maboksi.

Siku iliyofuata nilirudi dukani na picha kwenye simu na ukanda ule uliofura ndani ya kikapu. Nilipiga hodi, nikasalimu. Kijana yule yule, ambaye kwa umri ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, hakunipa shikamoo wala hakuitikia salamu yangu. Nilieleza yote hadi mwisho naye akiwa ameinamia simu yake. Kisha akasema: "Mama, kioo ni kioo. Moto ukiwaka wewe utakimbia, hutakaa kukitazama." Aliyekuwa meza ya pili akacheka.

Maneno hayo sijayasahau hadi leo. Ni kweli nitakimbia. Lakini nitakimbilia wapi? Nitashuka kwa ngazi ile moja, nikipita umbali wa hatua moja kutoka kwenye kioo hicho huku magodoro yakiwaka nyuma yake, na wasichana 20 wakiwa mbele yangu na nyuma yangu. Kioo kinachozuia mwali peke yake humbabua mpitaji kwa joto kabla moto haujamgusa. Ndiyo maana kuna hiyo herufi I, inayotaka joto la upande wa watu lisipande kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140 katika muda wote wa jaribio. Kioo hiki huwekwa kwa ajili ya mtu anayekimbia. Muuzaji wake asipolijua hilo, anauza nini?

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo. Hata hivyo nilipotoka, mzee anayekata vioo uani alinifuata hadi kwenye bajaji. "Nisamehe, mama," alisema, "niliagizwa nikate, nikakata. Hakuna aliyeniambia kuna dawa ndani." Alikuwa amekunjamana uso, na namwamini. Kwa ajili yake nililegea, nikajiambia kwamba vioo vya kawaida na vya bafuni watu wanaweza kununua pale, kwa kuwa mikono yake ni mizuri na ukataji wake, kama ukataji, ulikuwa umenyooka kama uzi. Siku mbili baadaye wakanipigia simu kunipa punguzo la kioo kingine, "cha nchi za baridi" vilevile, nacho, nilipouliza, watakipunguza wenyewe. Ndipo huruma ikaniisha. Nayarudia maneno yangu ya mwanzo: mwenye jengo asikanyage pale, hata kwa vioo vya bafuni.

Anayetaka kioo cha namna hii apime dirisha lake kwanza, aagize kwa kipimo hicho kutoka kiwandani, na kikifika apitishe kidole pande zote nne juu ya ule utepe wa fedha kabla hajasaini popote. Pakiwa na mchaniko, akirudishe.

Fedha yangu haijarudi. Kioo kimeegemezwa ghalani, ule weupe umezidi kiganja sasa, na dirisha nimeliziba kwa tofali kama alivyoniambia askari. Wasichana wanapanda na kushuka kwa mwanga wa taa mchana, na umeme ukikatika hushikana mabega.